Kufanana si undugu: habari za dinosauri wa Tendaguru

Popo ana mabawa na huruka usiku, lakini hakuna mzee wa kijiji atakayemweka pamoja na kuku na njiwa. Popo hatagi mayai. Huzaa mtoto na kumnyonyesha. Nyangumi naye ana umbo la samaki na huogelea kama samaki, lakini hupumua hewa, huzaa na kunyonyesha kama ng'ombe. Basi twajua tangu zamani kwamba kufanana kwa nje si undugu.

Neno hilo ni jepesi kulisema. Kulishika kazini ni kazi ngumu, hata kwa watu wenye elimu kubwa. Leo twataka kuwasimulieni habari za mnyama mmoja wa kale, aliyeishi katika nchi iitwayo leo Tanzania. Mifupa yake ilichimbuliwa mwaka 1910. Mwili wake ulikuwa mwembamba, shingo yake ndefu, miguu yake ya mbio. Wengi walipoutazama walisema: «Huyu ni wa ukoo wa wale madinosauri waliofanana na mbuni.» Ubishi juu ya ukoo wake ulidumu karibu miaka 100, na mifupa ilikuwa ile ile. Tuone jinsi walivyokosea, na jinsi walivyojirekebisha.

Madinosauri walikuwa wanyama gani?

Madinosauri walikuwa wanyama wa jamii ya watambaazi, waliotawala nchi kavu muda mrefu sana kabla binadamu hajaonekana duniani. Mjusi na mamba hutembea miguu yao imetanuka ubavuni. Dinosauri hakuwa hivyo. Miguu yake ilisimama wima chini ya mwili, kama nguzo chini ya paa. Wengine walikuwa wakubwa kupita tembo, wengine wadogo kama kuku. Wengine walikula majani, wengine nyama.

Karibu miaka milioni 66 iliyopita walikwisha kabisa, isipokuwa tawi moja tu. Tawi hilo ni ndege. Wenye elimu ya mifupa ya kale wamekwisha kuhakikisha kwamba ndege walitoka katika kundi la madinosauri waliotembea kwa miguu miwili, kundi lile lile lenye wala nyama wakubwa. Kwa hiyo mbuni wa leo, kunguru, hata jogoo wa uani, wote wana mababu madinosauri. Msomaji alishike jambo hili, maana litatusaidia mbele. Hatuulizi kama mnyama wetu ana undugu wowote na mbuni, kwa kuwa undugu wa mbali upo. Twauliza: ni undugu wa karibu kiasi gani, nao unapitia tawi gani la ukoo?

Kilima cha Tendaguru

Kusini ya Tanzania, yapata kilometa 60 kutoka bandari ya Lindi, kiko kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mdachi, jina lake Bernhard Sattler, alikuwa akitafuta madini katika sehemu zile. Akaona kando ya njia mfupa mkubwa ajabu umetokeza katika udongo. Akapeleka habari, na mwaka 1907 mwenye elimu Eberhard Fraas wa Stuttgart akafika mwenyewe kutazama. Aliporudi kwao alieleza kwamba mahali pale pana hazina ya mifupa ya kale.

Ndipo Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Berlin ilipotuma watu wake. Kazi ilidumu tangu mwaka 1909 hata mwaka 1913. Wakubwa wa kwanza walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Baadaye akaja Hans Reck pamoja na mke wake Ina. Lakini tusidhani kwamba mabwana hao wachache walichimba wenyewe. Wachimbaji walikuwa watu wa nchi, na katika miaka ya kazi nyingi walifikia 500. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Yeye alijua kuutambua mfupa ungali mawemawe, na kuutoa bila kuuvunja, hata wageni wenyewe wakamtegemea.

Wakati ule nchi ilikuwa na majonzi. Vita vya Maji Maji, tangu mwaka 1905 hata 1907, vilikuwa vimeua watu wengi wa kusini, na njaa iliyofuata iliua wengi zaidi. Watu waliokuja kuchimba walikuja na wake zao na watoto wao, wakajenga vibanda karibu na kilima, wakapata mshahara mdogo. Mifupa iliyotolewa ilipakwa udongo au plasta, ikafungwa ndani ya mianzi ili isivunjike, kisha wapagazi wakaichukua kichwani na mabegani mpaka Lindi. Safari hiyo ilikuwa ya siku nne hivi kwa miguu. Uzito wa vitu vyote vilivyosafirishwa namna hiyo ulipita tani 200. Huko Lindi vikapakiwa merikebuni kwenda Ulaya.

Katika shehena hiyo mlikuwamo mifupa ya jitu kubwa kuliko wote, lenye shingo kama ya twiga, ambalo leo limesimamishwa mjini Berlin, na urefu wake toka chini mpaka kichwani wapita meta 13. Watu wakilitazama hilo huduwaa, na mara nyingi hawageuki kumtazama mdogo aliye karibu. Huyo mdogo ndiye tunayemtafuta sisi.

Mwili wake

Mnamo mwaka 1920 Janensch alimpa jina la elimu: Elaphrosaurus bambergi. Sehemu ya kwanza imetoka katika Kigiriki, maana yake ni «mjusi mwepesi». Sehemu ya pili ni heshima kwa Paul Bamberg, tajiri wa viwanda aliyetoa fedha kwa ajili ya safari ya Tendaguru. Sisi tutamwita kwa kifupi elafrosauri.

Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Toka pua hata ncha ya mkia alikuwa na urefu wa meta 6 na zaidi, lakini tusimfikirie kuwa mzito kama kiboko. Kiunoni kimo chake hakikufika meta 1 na nusu, na uzito wake wakadiriwa kuwa kilo 200 na kidogo. Sehemu kubwa ya urefu wake ilikuwa shingo na mkia. Kifua chake kilikuwa chembamba, hakikushuka chini sana. Mifupa ya miguu ilikuwa na uwazi ndani, kama mianzi, na kwa hiyo ilikuwa na nguvu bila kulemea.

Mifupa yenyewe iliyopatikana ni hii: pingili nyingi za shingo, za mgongo na za mkia, mifupa ya nyonga, mguu wa kushoto karibu wote, mifupa ya mikono ya juu, na vipande vichache vya kiganja. Kichwa hakikuonekana. Hilo ni jambo kubwa, maana kichwa na meno ndiyo mahali pa kwanza wenye elimu wanapotafuta ukoo wa mnyama. Kichwa ambacho watu wamekiona juu ya mifupa hiyo katika makumbusho ni kazi ya mikono ya mafundi, waliokitengeneza kwa kukisia.

Sasa tuutazame mguu. Mfupa wa paja una urefu wa sentimeta 52 hivi. Mfupa wa muundi, chini ya goti, una sentimeta 61 hivi. Chini yake mifupa ya wayo nayo ni mirefu, karibu robo tatu ya paja. Maana yake nini? Twaa nyundo, uishike kwenye kichwa chake cha chuma, kisha uitikise: mpini utakwenda huku na huku upesi. Sasa ushike mwisho wa mpini, chuma kiwe mbali, uitikise tena: mkono utachoka mara moja. Ndivyo ulivyo mguu wa mwenda mbio. Nyama nzito hukusanyika juu, karibu na kiuno, na sehemu ya chini huwa ndefu na nyepesi. Mguu huo hutupwa mbele upesi na kurudi upesi. Swala anao, farasi anao, na mbuni anao kuliko wote. Elafrosauri naye alikuwa nao.

Waigaji wa ndege

Hapa yafaa twende kwanza mbali na Afrika. Mwaka 1890 mwenye elimu Mmarekani, Othniel Charles Marsh, alitoa habari za mifupa michache ya mguu iliyopatikana katika jimbo la Colorado. Ilifanana mno na mifupa ya ndege. Akamwita mnyama huyo Ornithomimus, yaani «mwigaji wa ndege». Baadaye, mwaka 1914, huko Kanada kando ya mto Red Deer, ulipatikana mwili karibu mzima wa mnyama wa namna hiyo. Mwaka 1917 Henry Fairfield Osborn akautangaza kwa jina la Struthiomimus, maana yake «mwigaji wa mbuni». Na mwaka 1972 habari za mwingine mkubwa zaidi zikatolewa kutoka Mongolia. Huyo aliitwa Gallimimus.

Jina hilo la mbuni liliwafaa sana. Kichwa kilikuwa kidogo, macho makubwa, na mdomo usio na meno, uliofunikwa kwa pembe kama wa ndege. Shingo ilikuwa ndefu na nyembamba, na miguu ya mbio. Lakini hawakuwa mbuni kweli. Walikuwa na mkia mrefu wa mifupa, ambao mbuni hana. Walikuwa na mikono mirefu yenye vidole vitatu, na mbuni ana mabawa. Tena walikimbia kwa vidole vitatu vya mguu, naye mbuni ana viwili tu.

Basi mwaka 1928 Franz Nopcsa wa Hungaria alipofikiri juu ya mjusi mwepesi wa Tendaguru, alimtia katika ukoo huo wa waigaji wa ndege. Hakuwa mjinga, alikuwa na sababu. Mwili wa elafrosauri ni mwembamba. Mfupa wa mkono wa juu umenyooka, nao ni laini, kama wao. Mguu ni wa mbio, kama wao. Neno lake likapata wafuasi. Hata mwaka 1982 Peter Galton aliandika bado kwamba elafrosauri ni wa ukoo huo wa waigaji wa ndege. Kwa hiyo vitabu vingi vilifundisha kwamba Afrika ya Mashariki ilikuwa na baba wa kale sana wa madinosauri wenye sura ya mbuni. Kwa kweli angekuwa mzee kupita kiasi: Struthiomimus aliishi karibu miaka milioni 75 iliyopita, na elafrosauri aliishi mara mbili mbali zaidi katika wakati.

Mifupa iliyokataa

Lakini mifupa mingine ilikataa. Janensch mwenyewe hakuwa amemweka katika ukoo huo. Alimtia katika kundi kubwa la wala nyama wadogo, ambalo siku zile lilikuwa kama kapu la kutupia kila mnyama mwembamba asiyejulikana kwao. Wengine waliotazama mguu wake waliona kwamba unafanana zaidi na ule wa madinosauri wa zamani zaidi kuliko wa waigaji wa ndege.

Tutoe mfano mmoja ambao kila msomaji aweza kuufahamu. Katika wayo wa wanyama hao mna mifupa mitatu mirefu iliyosimama pamoja, kila mmoja ukienda kwenye kidole chake. Kwa Struthiomimus na jamaa zake, ule wa katikati umebanwa sana sehemu ya juu, hata umekuwa mwembamba kama kabari iliyopigwa kati ya mbao mbili. Kwa elafrosauri mfupa wa katikati haukubanwa hivyo. Umesimama na unene wake kutoka juu hata chini. Hapo pana mbio za namna mbili, zilizopatikana kwa njia mbili mbalimbali.

Alama moja haitoshi kumhukumu mtu, wala kumhukumu mnyama. Waigaji wa ndege wa zamani zaidi nao hawakuwa na kabari hiyo kamili, basi mtu angeweza kujibu: «Huyu ni mzee wao, hajaipata bado.» Kwa hiyo ilibidi kutafuta alama nyingine: namna pingili za shingo zilivyochongwa, namna mifupa ya nyonga ilivyoungana, umbo la mfupa wa mkono unapoingia begani, na ukubwa wa kiganja. Kiganja ndicho kilichoshuhudia sana. Waigaji wa ndege wana kiganja kirefu cha kushikia matawi. Elafrosauri alikuwa na kiganja kifupi, kilichopungua, kama kitu kisichotumiwa sana.

Katika miaka ya 1990 wenye elimu walianza kutumia hesabu mpya. Huandika alama mamia kwa mamia za mifupa ya wanyama wengi, kisha huuliza: ni mti upi wa ukoo unaoeleza alama hizo zote kwa njia fupi kuliko nyingine? Mwaka 1994 Thomas Holtz alimtoa elafrosauri katika ukoo wa waigaji wa ndege, akamtia katika kundi la seratosauri, tawi la wala nyama lililotengana mapema sana na tawi lililozaa ndege. Mwisho, mwaka 2016, Oliver Rauhut wa München na Matthew Carrano wa Washington walitoa maandiko marefu. Walikuwa wameitazama upya mifupa ya Berlin, mmoja mmoja. Hukumu yao ilikuwa hii: elafrosauri ni seratosauri kweli, wa ukoo wa noasauri, na katika ukoo huo ana nyumba yake, yeye na ndugu zake wachache.

Tufahamu vizuri maana yake. Mwigaji wa ndege wa Kanada ni jirani wa mbuni katika mti wa ukoo kuliko alivyo elafrosauri. Elafrosauri alipata sura ya mbuni peke yake, kwa kuwa maisha ya mbio humchonga kila mkimbiaji kwa patasi ile ile. Ndivyo walivyo mtumbwi wa mvuvi na samaki: wote wawili wana ncha mbele, kwa sababu maji ni yale yale, lakini nani atasema kwamba mtumbwi ulizaliwa na samaki?

Padri katika jangwa

Jina la elafrosauri lilikwenda pia hata Sahara, nalo lilipelekwa na padri. Huyo alikuwa padri Mfaransa, Albert-Félix de Lapparent, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufa mwaka 1975. Alifundisha elimu ya mawe na ardhi katika chuo cha Kikatoliki cha Paris, akasafiri mara nyingi jangwani kutafuta mifupa ya kale. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya madinosauri wa katikati ya Sahara. Humo alitaja aina mbili mpya, akazitia chini ya jina la Elaphrosaurus, kwa maana alimjua yule wa Tendaguru na kuona kufanana.

Aina ya kwanza ilikuwa na meno na vipande vilivyotoka mahali mbalimbali. Leo hakuna awezaye kuthibitisha kwamba vyote ni vya mnyama mmoja. Aina ya pili, ya nchi ya Niger, ilikuwa na mifupa bora. Mwaka 2004 Paul Sereno na wenzake waliitazama tena, wakaona kwamba si elafrosauri, wakaipa jina lake yenyewe, Spinostropheus. Je, kazi ya padri imeharibika? Hata kidogo. Mifupa aliyoitoa mchangani ingalipo. Jina tu ndilo lililobadilika. Asingeiokota, hakuna ambaye angeweza kuipa jina lililo sawa.

Tena tusidhani kwamba kosa la mwaka 1928 lilikuwa la watu wa zamani tu. Mwaka 2017 alitangazwa mnyama mwingine wa Niger, Afromimus, yaani «mwigaji wa Afrika», akiaminiwa kuwa wa ukoo wa wale wenye sura ya mbuni. Miaka miwili baadaye wenye elimu wa Argentina walijibu kwamba mifupa hiyo yaonyesha ukoo karibu na noasauri. Sura ya mbuni iliwavuta watu mara ya pili, katika bara lile lile.

Ndugu wa kweli na kichwa kilichopotea

Basi, ndugu wa kweli wa elafrosauri ni nani? Alipatikana mbali sana, magharibi ya Uchina, naye aliitwa Limusaurus, «mjusi wa matope», mwaka 2009. Alikuwa mdogo, hakufika meta 2. Wanyama hao walinaswa katika mashimo ya matope, wakafa humo mmoja juu ya mwingine. Msiba wao umekuwa faida ya elimu, kwa sababu wamepatikana wengi, wadogo kwa wakubwa.

Mwisho wa mwaka 2016 ilitangazwa ajabu moja. Vitoto vya Limusaurus vilikuwa na meno madogo makali. Vilipokua, meno yakatoka moja moja, na aliye mtu mzima hakuwa na hata jino moja. Alikuwa na mdomo wa pembe kama ndege. Tumboni mwa wakubwa mna vijiwe vya kusagia chakula, kama firigisi ya kuku. Yaonekana mtoto alikula vidudu na vitu vingine, na mkubwa alikula majani. Uzao wa wala nyama ulikuwa umegeuka kuwa wala majani.

Sasa tufikiri juu ya kichwa cha elafrosauri, ambacho hakijaonekana. Kama ndugu yake alikuwa na kichwa kidogo na mdomo usio na meno, yamkini naye alikuwa hivyo. Kiganja kidogo na kifua chembamba si silaha za mwindaji wa wanyama wakubwa. Lakini jambo hilo halijahakikishwa, na halitahakikishwa mpaka kichwa chenyewe kitoke ardhini. Huenda kingali chini ya vichaka vya Lindi.

Jamaa wengine wamepatikana katika nchi za kusini. Huko Australia ulitangazwa mwaka 2020 mfupa mmoja wa shingo, wa namna ile ile ya elafrosauri, wa miaka milioni 110 hivi. Huko Brazili alitangazwa mwaka 2021 noasauri asiye na meno. Tukistaajabu jinsi walivyovuka bahari, jibu ni kwamba hakukuwa na bahari ya kuvuka: siku zile Afrika, Amerika ya Kusini na Australia zilikuwa zimeungana katika nchi moja kubwa, na wanyama walikwenda kwa miguu.

Kwa nini kosa liliweza kurekebishwa?

Tumekwisha kuona mabadiliko mengi: mwaka 1920 kapu la wala nyama wadogo, mwaka 1928 waigaji wa ndege, mwaka 1994 seratosauri, mwaka 2016 noasauri. Mtu aweza kucheka na kusema: «Hao wenye elimu hawajui wasemalo, kesho watasema jingine.» Hilo si neno la haki. Kila mara walipobadili hukumu, walibadili kwa sababu ya ushahidi, si kwa kupenda tu. Hakimu anayesikia shahidi mpya na kuirudia kesi yake ni hakimu mwema.

Lakini hakimu hawezi kuirudia kesi ikiwa ushahidi umepotea. Hapo tuwakumbuke Boheti bin Amrani na wale mamia waliochimba pamoja naye. Kila mfupa ulitolewa polepole, ukafungwa, ukatiwa alama yake, ukachukuliwa mpaka baharini. Vita vya pili vya dunia vilibomoa sehemu ya makumbusho ya Berlin mwaka 1945, na mifupa mingine ya Tendaguru ikapotea humo. Ile ya elafrosauri ikasalimika, na tangu mwaka 2007 imesimamishwa tena katika ukumbi uliotengenezwa upya. Kazi ya mikono ya watu wa Lindi ndiyo iliyowawezesha Rauhut na Carrano, miaka zaidi ya 100 baadaye, kuutazama wayo ule na kiganja kile kwa macho mapya.

Majina ya wengi wa wachimbaji hao hayakuandikwa katika vitabu vya elimu. Jina lililotiwa katika mnyama ni la tajiri wa Berlin. Na mifupa yenyewe iko Ulaya. Watanzania wameuliza mara kwa mara, hata katika bunge lao, ni faida gani nchi yao imepata, na kama mifupa hiyo haipaswi kurudi. Swali hilo ni la haki, nalo lataka jibu la haki.

Sisi wasomaji tuchukue nyumbani mambo mawili. La kwanza: mtu akituambia kwamba fulani na fulani ni wa ukoo mmoja kwa kuwa wanafanana, tumwulize kuhusu mifupa ya ndani, ile isiyoonekana kwa kutupa jicho mara moja. La pili: kazi iliyofanywa kwa uangalifu haipotei, hata kama hukumu ya kwanza ilikuwa na kosa. Mchimbaji wa Tendaguru hakujua kama anamtoa mwigaji wa mbuni au noasauri. Alijua jambo moja, kwamba mfupa usivunjike mkononi mwake, nao haukuvunjika.